Punguza upepo kwanza, muziki baadaye: niliyoongea kwenye kikao cha safari ya Mbeya

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia. Mwenyekiti kaniambia niongee dakika 20 kuhusu simu, chaja na muziki barabarani, maana tukisafiri kwa pikipiki hakukosi mtu wa kutusimamisha Chalinze simu imezima, na mwingine anapaki Mikumi anatafuta iyafoni iliyochomoka ndani ya helmeti. Waliokosa kikao wameomba niandike, kwahiyo hii ni kama nilivyoongea, nimetoa tu vicheko na yale maneno ya yule mzee wa nyuma ambayo hayaandikiki.

Naanza na muziki maana ndio mnaousubiria. Swali ninaloulizwa sana pale kwenye banda langu ni hili, fundi nifunge spika gani ili nikiwa 100 nisikie vizuri, na jibu langu huwa linaudhi watu kwasababu nawaambia tatizo lako sio spika, tatizo lako upepo. Ukiwa unatembea 40 au 50 unasikia injini na ekzosi. Ukipita kwenye 65 hivi upepo unaanza kufunika mlio wa injini, na ukifika 100 kelele ndani ya helmeti inacheza kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 95 mpaka 100 na kitu, na usidhani helmeti ya bei mbaya imesalimika. Sasa kuna taasisi ya afya ya wafanyakazi kule Marekani inaitwa NIOSH, wao wameweka mpaka wa desibeli 85 kwa masaa 8, halafu kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Yani 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Dar mpaka Mbeya ni kilomita 800 na ushee, piga hesabu mwenyewe, kabla hujaiona Chalinze masikio yako yameshamaliza kibali cha siku nzima na hapo hujaweka wimbo hata mmoja.

Sasa mtu anafanyaje? Anaongeza sauti ili muziki ushinde upepo, upepo hauna kitufe cha kupunguza kwahiyo yeye ndio anapanda tu, na akishuka kwenye pikipiki jioni anasikia wiiiii masikioni, anaongea na mhudumu wa gesti kwa kupiga kelele kama wamegombana, asubuhi ile wiii imekata anasema nimepona. Hujapona mkuu. Vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa haviotei tena, na hakuna fundi wa hicho kitu, hata mimi sitaweza.

Ndio maana nimekuja na hivi vizibo vya sponji. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, yale yanayouza buti za chuma na mavesti ya kung'aa, Kariakoo yapo ya kutosha. Nilimwita kijana mmoja mbele nimuonyeshe kwasababu watu wengi wanavivaa vibaya halafu wanasema havifanyi kazi. Mikono iwe safi, unakiviringisha kwa vidole taratibu mpaka kiwe chembamba kabisa bila mikunjo, ukiminya tu bila kuviringisha kinakunjika na upepo unapita kwenye mkunjo. Mkono wa pili unapita nyuma ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, hapo tundu linanyooka, unasukuma ndani halafu unakishikilia na kidole sekunde 30 kiumuke. Usiachie mapema. Kikikaa sawa mtu akikuangalia usoni hakioni, kama kinachungulia nje hujavaa. Kijana akavaa vyote viwili akasema mbona fundi nakusikia bado? Ukumbi ukacheka ila jibu lake ndio lilikuwa somo lenyewe.

Kizibo hakikufanyi kiziwi, kinapunguza kila kitu kwa pamoja, upepo unashuka na honi ya basi inashuka kwa karibu kiasi kile kile, kwahiyo kama honi ilikuwa juu ya upepo itabaki juu ya upepo. Muziki ni habari nyingine kabisa. Muziki haupunguzi chochote, unaongeza kelele juu ya kelele, na kinachozama ni honi. Watu wanaviogopa vizibo eti hatutasikia magari, halafu hao hao wanaweka iyafoni na sauti mpaka mwisho. Mimi sijawahi kuielewa hiyo.

Kwahiyo mpangilio wangu ni huu, unaondoa upepo kwanza ndio unaweka muziki. Kama una intakomu ya kwenye helmeti, hizi za blutuuthi za kuongelea na kusikilizia, Cardo au Sena au za Kichina, unavaa vizibo chini na spika za helmeti zinakaa juu yake, unashangaa unasikia maneno ya wimbo safi kuliko ulipokuwa huna kizibo, kwasababu kile kilichokuwa kinafunika muziki kimeondoka. Spika iwe imeelekea tundu la sikio, sio shavu wala kisogo, sogeza sentimita moja tu uone tofauti, watu wanatupa spika nzima kumbe imekaa vibaya. Kama huna intakomu basi tumia iyafoni zile zenye ncha ya sponji zinazoziba sikio, unapata kizibo na muziki kwenye kitu kimoja, sauti unaiweka chini. Kipimo changu hiki hapa, kama umesimama kwenye taa, injini iko sailensi, yani inawaka bila kuvuta mafuta, na muziki unakuumiza, basi ulikuwa umeweka mwingi mno.

Kuna ndugu aliniuliza vipi kuweka sikio moja tu, lingine libaki wazi kwa ajili ya magari. Inasikika kama busara lakini angalia. Ubongo unajua honi inatokea upande gani kwa kulinganisha masikio mawili, ukiziba moja unasikia honi ila hujui iko kulia au kushoto. Na lile sikio la wazi linakula upepo wote, kwahiyo unapandisha sauti ya lile lingine. Umepoteza huku na huku. Na wale wa kuchomeka simu kati ya shavu na helmeti waongee huku wanaendesha, nyie hata sitaki kuwaongelea, bodaboda wa pale kituoni kwetu anaweza kufika Mbagala hajamaliza kugombana na mke wake.

Halafu kuna sehemu muziki unazimwa, sio kupunguzwa, kuzimwa. Mjini, zima. Mikumi, zima, barabara inakata hifadhi kama kilomita 50, vibao vinasema 70, mnyama anatokea kwenye majani bila taarifa na macho yako yote yanatakiwa pembeni ya barabara. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Kitonga, zima kabisa. Kitonga malori yanapanda kwa gia ya kwanza yanalia, yanayoshuka yanakuja na breki za injini, na kwenye kona unamsikia mwenzako kabla hujamuona, ile sauti ndio kioo chako cha mbele. Vumbi na changarawe pia zima, unahitaji kusikia tairi. Tambarare nyoofu ya lami, asubuhi, gari chache, hapo sikiliza, na kila mtu ana haki ya kufurahia.

Na aina ya muziki wakuu. Msicheke. Kuna mtafiti anaitwa Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion kule Israel, mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza udereva akawapigia muziki wa mwendo tofauti, wa haraka zaidi ulipopigwa wakaendesha kasi zaidi na wakapita taa nyekundu zaidi. Hiyo ilikuwa gari, tena ya kuigiza. Sasa wewe chukua singeli yetu, mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, weka kwenye helmeti ya kijana wa miaka 23 mwenye pikipiki mpya, halafu muulize alipigwa tochi akiwa ngapi. Mimi singeli naipenda, naicheza harusini. Barabarani naweka zilipendwa na taarabu, gitaa linatembea, mwimbaji anachukua dakika 10 kulalamika kuhusu jirani, na mkono wangu unatulia kwenye mafuta. Cha muhimu zaidi pakua mixi ndefu ya saa zima au mawili usiku kabla ya safari iwe kwenye simu, usitegemee bando, na usichague nyimbo njiani. Kwenye 80 unakwenda mita 22 kila sekunde, ukiangalia kioo cha simu sekunde 2 umeshapita mita 44, karibu urefu wa mabasi manne, na hukuwepo.

Wenye zile spika za nje za kufunga kwenye usukani, za fleshi na memori kadi, najua mpo. Kwa mjini kwenye 40 zinafanya kazi yake na abiria wengine wanachagua boda kwa ajili ya muziki, siwezi kumkatia mtu riziki. Ila safari ndefu hazifai, ukifika 80 unasikia besi imepotea imebaki chichichi tu, unaongeza, unasumbua kijiji kizima na wewe mwenyewe husikii. Na boksi limeandikwa wati 300. Chukua volti 12 zidisha na ile fyuzi ya ampea 5 waliyokupa na waya wake, unapata wati 60, sasa hizo 240 zinatoka wapi, mbinguni?

Hapo tumeingia kwenye umeme na hapa mnivumilie maana ndio kazi yangu. Nililetewa pikipiki moja analalamika taa zinazima kila akikata kona ya kulia. Kukata kona tu. Nikafungua kichwa cha taa nikakuta chaja ya simu ya USB imeungwa kwa kumenya waya wa taa na kusokota, ikafungwa selotepu ile ya kufungia madaftari, sio tepu ya umeme, halafu waya umepitishwa pale shingoni kwa usukani bila kuachiwa ulegevu. Kila akikata kulia chuma inaubana waya dhidi ya fremu, ganda limeshaliwa, shaba inang'aa nje, na pembeni kuna doa jeusi plastiki imeungua. Na hakukuwa na fyuzi. Waya wa namna hiyo uko sentimita chache chini ya tenki la petroli.

Kwahiyo ukifunga chaja, waya mwekundu utoke kwenye betri moja kwa moja, fyuzi iwe karibu kabisa na betri sio kule mbele, halafu ipite kwenye rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, inayowashwa na swichi ya funguo ili ukizima pikipiki na chaja inazima. Watu wanasema aah chaja haili umeme kama simu haipo. Inakula. Ile taa ndogo ya bluu na saketi yake inaweza kula miliampea 20, ndogo kweli, lakini zidisha kwa masaa 24 kwa siku 7 unapata zaidi ya ampea 3 za saa, na betri za hizi pikipiki zetu ndogo nyingi ni za ampea 5 au 7. Umesafiri wiki moja kwa basi kwenda msibani ukirudi unasukuma. Na usichukue umeme kwenye waya wa taa kubwa kabla hujamuuliza fundi, pikipiki ndogo nyingi taa yake inakula moja kwa moja kwenye koili ya injini inayozalisha umeme bila kupita betri, ndio maana injini ikiwa sailensi inafifia na ukivuta mafuta inawaka kweli kweli, chaja yako ukiiunga hapo inaungua na ikiwa na bahati mbaya inaondoka na simu. Simu yenyewe inachaji kwa wati 10 hivi, kama ampea moja kutoka kwenye betri, hiyo pikipiki yoyote nzima inaimudu. Simu, spika, na zile taa za spotilaiti za Kichina kwa pamoja, haimudu.

Simu kwenye usukani. Mwaka 2021 Apple wenyewe waliandika tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki ukipita kwenye usukani unaweza kuharibu kamera ya iPhone, kwasababu lenzi za siku hizi zimening'inizwa na visumaku ili picha isitikisike. Wakashauri usiifunge kabisa kwenye pikipiki za injini kubwa, na kwenye ndogo kama skuta utumie holda yenye kifyonza mtikisiko. Sio iPhone peke yake, simu yoyote yenye kamera ya namna hiyo iko kwenye foleni. Mimi ushauri wangu ni rahisi zaidi, funga simu ya zamani. Ile iliyopasuka kioo iko kwenye droo. Weka ramani za nje ya mtandao, OsmAnd au Google Maps, pakua mkoa mzima nyumbani kwenye waifai. GPS haihitaji bando wala laini, inasikiliza setelaiti tu, kwahiyo simu bila laini inakuonyesha njia mpaka Tunduma.

Jua nalo. Apple wanasema iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, sasa Ruaha Mbuyuni saa 8 mchana simu iko juani, inachaji, kioo kimewaka mwanga wote, kava jeusi. Itazima, na haijaharibika, inajiokoa. Itoe kwenye chaji, iweke kivulini kwenye upepo, na usiimwagie maji baridi kama nilivyoona mtu anafanya. Zile mifuko za tenki zenye dirisha la plastiki ndio mbaya zaidi, joto linaingia halitoki.

Mvua. Zamani tulifunga rambo, rambo zenyewe zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, nunueni vibegi vya mpira vya kukunja mdomo mara tatu, wavuvi na watalii wanavitumia. Simu ikiandikwa IP67 maana yake maabara waliizamisha mita moja ya maji masafi nusu saa, simu ikiwa mpya. Yako imeshaanguka mara ngapi? Na hata kama ni nzima, tundu la chaji likilowa usichomeke waya, pini zinaota kutu ya kijani na simu haichaji tena. Na mchele uacheni jikoni, mwaka 2024 Apple waliandika wazi msiweke simu iliyolowa kwenye mchele, punje na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Igonge taratibu tundu likiangalia chini, iache kwenye hewa.

Sasa hili ndilo nililotaka mtoke nalo hata kama mengine mmesinzia. Kila mtu awe na kitochi. Simu ya batani, imejaa chaji, imezimwa au imewashwa mtajua wenyewe, iko kwenye mfuko wa jaketi uliofungwa zipu, sio kwenye pikipiki. Ukianguka, pikipiki inaweza kwenda bondeni na wewe ukabaki juu, na ile simu nzuri yenye ramani na muziki imekwenda na pikipiki. Laini yenye hela iweke humo, maana vituo vingi vya mafuta siku hizi unalipa kwa simu, na namba ya mtu wa nyumbani iwe ya kwanza. 112, namba ya dharura, inapigika kwa mtandao wowote ulioko hewani hata kama laini yako haishiki. Na mfuko huo usiwe wa kifuani kwenye mbavu wala mgongoni, kitu kigumu kati yako na lami kinakuvunja pale pale kilipo. Pawabanki mgongoni juu ya uti wa mgongo, hapana, naomba hapana.

Pawabanki iliyoandikwa mAh 20,000 inakupa chaji 3 za simu yenye betri ya mAh 5,000, sio 4, kwasababu ile namba ni ya seli za ndani za volti 3.7 na simu inapewa 5, kuna kinachopotea njiani. Msigombane na muuzaji kwa hilo. Laptop kama lazima, izimwe kabisa sio kufunikwa tu, ikae katikati ya nguo kwenye begi la juu ya siti, sio kwenye boksi la nyuma kabisa, kule nyuma ndiko kunakorushwa zaidi ukipita rasta na matuta. Droni kama huna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iache nyumbani, hatutaki kukaa kituoni kwa ajili ya video.

Dada mmoja aliuliza kuhusu abiria, kwamba yeye amekaa nyuma masaa 5 anaangalia mgongo wa mumewe, naye asisikilize muziki? Asikilize, kwa vizibo na sauti ya chini kama wengine, ila macho yake ni muhimu, kwahiyo kwenye zile sehemu tulizosema na yeye azime, na mkubaliane ishara za kugonga bega kabla hamjatoka, moja punguza, mbili simama. Intakomu ikifa betri mtakuwa hamna lugha nyingine.

Vizibo viko kwa mweka hazina, kila mtu achukue pea mbili, vikichafuka unatupa. Usiku wa kwanza tunalala Iringa na mnazijua zile gesti, chumba kimoja tundu moja la umeme tena liko nyuma ya kitanda. Ekstensheni moja nabeba mimi, ina matundu sita, na watu tuko kumi na moja, wengine wana simu mbili. Tunahitaji nyingine mbili, semeni sasa hivi nani na nani, na ziwe zenye fyuzi.